Patasi Iliyojikunja, na Maswali Mengine ya Maseremala Wanaojifunza Uhunzi

Mwezi huu nimeziweka kando barua za gundi na rangi, kwa kuwa waliouliza juu ya uhunzi wamekuwa wengi na hali zao zinafanana: seremala amechoka na patasi isiyoshika makali, amejijengea tanuri dogo la mkaa, na sasa anataka kujifulia zana zake mwenyewe. Ni nia njema, na inawezekana kabisa. Nimechagua barua sita, nimezifupisha, na nimejibu kwa urefu pale nilipoona kwamba wengi wanakwama.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni seremala, na huu ni mwezi wa tatu tangu nianze kufua chuma. Nilichukua kipande cha nondo nikakifua kikawa patasi ya kupendeza, nikaipasha moto hadi ikawa nyekundu, nikaichovya majini. Nilipoinoa ilikata karatasi, lakini nilipoigonga mara tatu kwenye mti mgumu makali yalijikunja kama bati. Je, moto wangu haukutosha?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Moto wako huenda haukuwa na kosa lolote, wala mikono yako. Kosa liko kwenye nondo. Chuma hupata ugumu kinapopozwa ghafla kwa sababu ya kaboni iliyomo ndani yake. Kikiwa na kaboni chini ya asilimia 0.3 hivi, hata ukikichovya mara mia hakitashika makali ya kukatia mti. Kikifikia karibu asilimia 0.6, kama kilivyo chuma cha springi za gari, kinashika matiko, yaani ugumu wa kupozwa ghafla, vizuri. Na chuma cha tupa, ambacho kwa kawaida huwa na asilimia 1 au zaidi kidogo, kinakuwa kigumu kiasi cha kukwaruza kioo. Nondo hutengenezwa ili ipinde kabla ya kukatika ndani ya zege, yaani kinyume cha kile unachokitafuta kwenye patasi, na kiasi cha kaboni yake hutofautiana kutoka kipande kimoja hadi kingine, hivyo hata ukibahatika leo huna uhakika wa kesho.

Kwa anayeanza ningechagua springi ya gari, iwe bapa au ya kuzunguka, kwa sababu inasamehe makosa mengi ya moto na inakubali kupozwa kwenye mafuta. Ubaya wake ni kwamba springi iliyokwisha kutumika huenda ina nyufa zilizojificha, kwa hiyo isafishe, ipashe moto mara moja na uikague vizuri kabla ya kupoteza siku nzima juu yake. Wala usiikate springi ikiwa bado imebanwa kwenye gari, kwa maana nguvu iliyomo inaweza kumuua mtu.

Hata hivyo, usiamini umbo la kitu wala neno la aliyekupa, pima. Kata kipande chenye urefu wa kidole na unene usiozidi milimita 4, kipashe moto mpaka sumaku isikishike tena, ongeza joto kidogo tu, kisha kichovye majini. Kikaushe, halafu pitisha tupa nzuri kwenye kona yake. Tupa ikiuma na kutoa unga, chuma hicho kitakufaa kwa bawaba na ndoano, si kwa makali. Tupa ikiteleza kana kwamba inapita juu ya kioo, umepata chuma kinachofaa, ambacho wahunzi hukiita pua. Lakini usiishie hapo: kibane kwenye jiliwa, kifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani ya kinga, ukipige nyundo kivunjike, kisha chungulia ndani ya mvunjiko. Ukiona uso laini wa kijivu, kama hariri iliyofifia, moto wako ulikuwa wa kiasi. Ukiona chembe kubwa zinazometameta kama sukari, ulizidisha, na patasi utakayoifua kwa moto wa namna hiyo itamegeka. Kipande kile kidogo kitakuwa kimekuambia habari za chuma na za moto wako pia, kabla hujaharibu kitu chochote cha maana.

SWALI: Fundi, nilisikia kwamba tupa kuukuu ni chuma bora, nikaifua moja ikawa patasi, nikaitia matiko kwenye maji. Ilikuwa ngumu ajabu. Kesho yake ilianguka sakafuni ikavunjika vipande viwili kama sahani ya udongo. Nimekata tamaa.

JIBU: Usikate tamaa, ndugu yangu, kwa kuwa umekwisha kufanya nusu ya kazi, na nusu hiyo umeifanya kwa ukamilifu. Ulichokisahau ni hatua inayofuata matiko. Chuma kilichotoka majini kina ugumu wa kupita kiasi, na ndani yake mna mvutano mkubwa unaokifanya kivunjike kwa kishindo kidogo. Ni lazima kipashwe tena kwa joto dogo ili kitulie, kipoteze sehemu ndogo ya ugumu na kupata ustahimilivu. Mimi huiita hatua hii kutuliza, na nimeona zana nyingi zaidi zikiharibika kwa kukosa utulizo kuliko kwa kukosa nyundo.

Nitaieleza kazi yote tangu mwanzo. Kwanza, saga meno yote ya tupa kabla ya kuipeleka motoni, kwa sababu ukiyafua yangalipo yatakunjikia ndani ya chuma na kila mkunjo utakuwa ufa. Fua kwenye rangi ya chungwa iliyokolea, na usimamishe nyundo mara chuma kinapofifia na kuwa chekundu cha giza, kwa kuwa chuma chenye kaboni nyingi kikipigwa kikiwa baridi hupasuka. Usikiache pia motoni mpaka kitoe cheche nyeupe. Cheche hizo ni chuma chenyewe kinachoungua, na kilichoungua hakirekebishiki, kikate ukitupe. Ukimaliza umbo, lipashe hadi sumaku iache kulishika, lipoe lenyewe hewani mahali pasipo upepo, urudie mara tatu. Hatua hii huzirudisha chembe za chuma kuwa ndogo na kuondoa mivutano uliyoijenga kwa nyundo. Baada ya hapo lipashe kwa mara nyingine na ulizike ndani ya majivu makavu hadi asubuhi, ili uweze kulikata kwa tupa na kulinyoosha bila taabu. Acha ukingo wa makali uwe na unene wa milimita 1.5 hivi, kwa maana ukingo mwembamba huungua haraka na kupasuka unapopozwa.

Sasa matiko. Fanya kazi hii kwenye kivuli, au jioni, kwa sababu jua hudanganya macho: chuma kinachoonekana cheusi nje ya banda huenda ni chekundu ndani ya banda. Funga sumaku kwenye waya na ukiguse chuma mara kwa mara. Sumaku huachia kwenye nyuzi 770 za Selsiasi, na wewe unataka kupita hapo kidogo, kama nyuzi 800 hivi, yaani rangi ing'ae kwa kiwango kimoja tu zaidi. Pasha sentimita 4 au 5 za mbele peke yake. Shingo na msuka, yaani mkia unaoingia ndani ya mpini, havihitaji ugumu. Kwa patasi nyembamba ya tupa, mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60 yanatosha na ni salama kwa chuma kuliko maji. Yaweke kwenye chombo kirefu cha chuma chenye mfuniko, ili yakishika moto uyafunike; usiyamwagie maji kamwe. Ingiza patasi ikiwa wima, uipandishe na kuishusha bila kuiyumbisha kando, mpaka uweze kuigusa.

Usingoje kesho. Patasi ikiwa bado ina uvuguvugu, ijaribu kwa tupa, na kama tupa inateleza, sugua bapa lake kwa msasa hadi ling'ae kama kioo. Mwenye jiko la kuokea lenye kipimo cha joto ana njia rahisi: aiweke kwenye nyuzi 220 hivi kwa muda wa saa moja, aitoe ipoe, arudie mara ya pili. Kwa patasi ya chuma cha springi nyuzi 200 zinatosha. Asiye na jiko atumie macho, na hapa ndipo mahali ninapopapenda kuliko pote katika uhunzi. Pasha kipande kikubwa cha chuma hadi kiwe chekundu, kiweke juu ya fuawe, kisha laza shingo ya patasi juu yake huku makali yakiwa hewani. Kwa muda huoni chochote. Halafu karibu na shingo chuma cheupe kinaanza kupata rangi hafifu ya majani makavu, rangi inakolea na kuwa ya asali, na nyuma yake inatokea ya kahawia, kisha zambarau, na mwisho buluu, zote zikitembea pamoja polepole kuelekea ncha kama mistari ya kitambaa inayovutwa na mkono usioonekana. Majani makavu ni nyuzi 220 hivi, kahawia ni karibu 255, zambarau ni karibu 275, na buluu ni karibu 295. Rangi ya majani makavu yaliyokolea ikifika kwenye makali, chovya majini papo hapo. Ukichelewa sekunde chache buluu itafika, na patasi yako itakuwa bisibisi. Pembe mbili za makali hupata joto kabla ya katikati, basi ziangalie hizo, na rangi ikikimbia inua patasi ipumue kidogo kabla ya kuirudisha.

Kuna jambo moja zaidi ambalo huwavunja moyo wengi. Makali utakayonoa mara ya kwanza huenda yasikae, kwa sababu moto huondoa kaboni kwenye ngozi ya nje ya chuma. Noa mara tatu au nne mpaka ufikie chuma kizima kabla ya kuihukumu zana.

SWALI: Habari za kazi, Fundi. Mimi ni mama ninayechonga vijiko na mabakuli ya mti. Ningependa kujifulia visu vyangu, lakini sina fuawe, na nimeambiwa kwamba bila fuawe ya kweli nisijaribu. Je, nianze na nini?

JIBU: Nzuri, dada yangu, na aliyekuambia hivyo amekuzuia bure. Kinachohitajika chini ya nyundo ni uzito usiokimbia. Kipande cha reli kilichosimamishwa wima ndani ya gogo, ili uzito wake wote uwe moja kwa moja chini ya pigo, kinafua visu vizuri, na kichwa cha nyundo kubwa ya kuvunjia mawe kilichozikwa nusu kwenye gogo kinafanya vivyo hivyo. Kimo chake kifike kwenye vifundo vya ngumi yako unaposimama umelegeza mkono. Nyundo ya gramu 800 hadi kilo 1 inatosha. Nzito zaidi itakuchosha, na mkono uliochoka hupiga kombo.

Katika tanuri la mkaa, lundika mkaa kwa kina cha kutosha na uweke chuma juu ya kiini cha moto, kikiwa kimelala, badala ya kukichomeka karibu na mdomo wa mvukuto, ambapo hewa safi inakula chuma na kukifunika magamba. Usipulize kwa nguvu wakati wote; kwa kisu kidogo pumzi fupi fupi zinatosha. Fanya kazi mahali palipo wazi, kwa kuwa mkaa hutoa gesi isiyo na harufu inayoua, na vaa nguo za pamba, maana za nailoni huyeyuka zikagandamana na ngozi.

Usianze na kisu cha kukomba mabakuli, kile kilichopinda, ijapokuwa ndicho unachokihitaji zaidi. Anza na msumari wa kutobolea, kisha kisu kifupi cha kuchorea alama, ambacho kina makali upande mmoja na bapa upande wa pili. Vyote viwili ni vidogo, havigharimu chuma kingi, vinakulazimisha kujifunza kuchonga ncha, kutandaza bapa na kutia matiko, na vikiharibika unavirudia jioni ileile. Ukivirudia mara tano utakuwa umeyaona makosa yote ambayo kisu kilichopinda kingekufundisha kwa machozi. Utakapofika kwenye kisu hicho, saga makali yake kikiwa bado kimenyooka, kisha ukipinde kikiwa chekundu kwa kukigonga taratibu juu ya bomba au gogo, kwa sababu kusaga ndani ya mviringo ni kazi ngumu.

SWALI: Fundi, nimefua bamba la randa lenye upana wa milimita 50 na unene wa 3. Kila ninapolitia matiko linapinda kama jani kavu. Nimejaribu mara tatu.

JIBU: Umechagua zana ngumu kuliko zote za bapa, kijana wangu, na kupinda hakutokani na uzembe wako. Bamba pana na jembamba hupoa upande mmoja kabla ya mwingine, na upande unaotangulia humvuta mwenzake. Mambo matatu yatakusaidia. Kwanza, ongeza unene: kwa randa ya mti yenye kabari hakuna sababu ya kung'ang'ania milimita 3, fua 5 au 6 na utaona kwamba hata mtetemo wakati wa kuranda umepungua. Pili, usiruke zile pasho tatu za kupoza hewani, na hakikisha umefua pande zote mbili kwa usawa, kwa sababu bamba lililopigwa upande mmoja tu hukumbuka mapigo hayo linapoingia kwenye mafuta. Tatu, pasha na uchovye sentimita 3 za mbele pekee, wima, na ukingo mzima uguse mafuta kwa wakati mmoja.

Likipinda hata hivyo, una nafasi fupi mno. Litoe kwenye mafuta likiwa bado linafuka moshi, libane mara moja katikati ya mbao mbili zilizonyooka ndani ya jiliwa, uliache lipoe humo. Kwa muda huo mfupi ugumu haujakamilika na chuma kinakubali kunyooshwa. Kikishapoa, ukijaribu kukinyoosha kwa nyundo kitavunjika. Upindo mdogo wa nusu milimita usikusumbue, kwa maana kwenye mgongo wa bamba ni sehemu iliyo karibu na makali tu inayohitaji kulala sawasawa juu ya kinoo.

Mabamba ya zamani yalikuwa chuma laini kilichounganishwa kwa moto na kipande cha pua upande wa makali, na patasi za Japani bado hufuliwa hivyo hadi leo. Ni njia nzuri inayopunguza kupinda na kurahisisha kunoa, lakini kuunganisha kwa moto ni somo la mwaka wa pili, na sikushauri ulijaribu kabla hujaweza kufua bamba la kipande kimoja.

SWALI: Nina mabomba mengi ya mabati na fimbo mbili za kufyonza mitikisiko ya gari. Je, vinafaa kufuliwa?

JIBU: Hapana kwa vyote viwili. Zinki iliyopakwa juu ya mabati huchemka kwenye nyuzi 907, joto ambalo tanuri lako linalipita kila siku, na moshi wake mweupe huleta homa kali na kubanwa kifua. Fimbo za kufyonza mitikisiko huwa zimefungwa gesi au mafuta ndani yake, na zikipashwa moto hulipuka. Kanuni hiyo inahusu chombo chochote cha chuma kilichozibwa pande zote.

SWALI: Patasi yangu sasa inashika makali, nashukuru. Lakini mpini unapasuka kila baada ya siku chache, na juzi nilipokuwa nikisaga makali kwa mashine yaligeuka buluu. Nifanyeje?

JIBU: Hongera, ndugu. Nianze na buluu: ile ni rangi uliyoikwepa wakati wa kutuliza, na sasa mashine imekuletea. Sehemu iliyogeuka buluu imepoteza ugumu, na kusugua rangi iondoke hakurudishi kitu. Inabidi usage polepole mpaka sehemu hiyo yote iishe. Tangu sasa shika patasi kwa vidole vitupu, bila glavu, kidole kimoja kikiwa karibu na makali, na kila unapohisi joto chovya majini. Saga kwa pembe ya digrii 25, kisha umalizie kwenye kinoo kwa digrii 30, na kama ni patasi ya kuchimbia matundu ya viungo ongeza hadi 35.

Mpini unapasuka kwa sababu msuka unafanya kazi ya kabari: kila unapogonga, chuma kinazama zaidi ndani ya mti na kuutanua. Dawa yake ni bega. Unapofua, acha chuma kinene pale bapa linapokutana na msuka, kisha uligonge bega hilo likiwa jekundu dhidi ya ukingo wa fuawe hadi likae tambarare, ili pigo la nyundo lipokelewe na bega na si na ncha ya msuka. Msuka wenyewe uwe na pembe nne na upungue taratibu kuelekea ncha, na ubaki laini kabisa. Kama uliugusa moto wa matiko, upashe hadi upite buluu. Toboa mpini kwa kekee mbili, nyembamba hadi mwisho na nene kidogo mdomoni, halafu uvalishe noleo, yaani pete ya kuubana mdomo wa mpini, kabla ya kuingiza msuka. Noleo linaweza kukatwa kutoka kwenye bomba la shaba nyeupe au la chuma, urefu wa sentimita 1.5, na liingie kwa kubana. Gonga mpini hadi ubakie milimita 10 kufika kwenye bega, uchomoe, utazame ndani ya tundu mahali palipong'arishwa na msuka, ukwangue hapo tu, urudie. Pale nafasi inapobaki milimita 2 au 3, simamisha patasi makali yakiwa juu, yamefungwa kitambaa kinene, ugonge kitako cha mpini kutoka chini kwa nyundo ya mti. Uzito wa patasi yenyewe utauvuta msuka ndani hadi bega liketi juu ya noleo.